Jiwe Uliloliacha Limeinama

Mowlem,
Alhamisi jioni

Baba,

Shuleni tunafundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Nimekaa na kalamu mkononi muda mrefu kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Nimeamua kuiruka. Nitaanza na hali ya samaki, maana ndiyo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuvua viatu.

Fundi yu hai. Nimemwona leo nilipotoka shule. Mwenzake, Mama Fundi, sijamwona tangu wiki ya mazishi. Jiwe bado limeinama.

Ninaogopa, Baba. Jumamosi Shangazi Syombua anakuja kutoka Machakos pamoja na akina mama wa maombi. Wanakuja kutakasa nyumba. Watanyunyiza chumvi ya mawe kwenye pembe zote kisha watamwaga maji ya tangi la samaki chooni, pamoja na kila kilichomo. Shangazi alimwambia Mama hivyo baada ya mazishi, wakiwa wamesimama kando ya kaburi lako, na hakuwa akiomba ruhusa.

Nitakueleza jinsi jambo lilivyoanza, maana lilianza ukiwa umeshaondoka.

Siku za matanga nyumba ilijaa. Mama alikuwa amelifunika tangi kwa leso, kwa sababu watoto wa wageni walikuwa wakigongagonga kioo. Mama mmoja wa kanisa la kwenu akainua pembe ya leso ili aone kinachonguruma humo ndani. Ilikuwa ile pampu ya hewa tu. Lakini wakati huohuo Fundi akatoka shimoni, akajaza mdomo mchanga, akautafuna, na mchanga ukamtoka mashavuni, upande huu na upande huu, kama moshi. Yule mama akaishusha leso taratibu sana. Akasema, "Yesu wangu. Kinakula udongo."

Basi. Watu wakaunganisha wenyewe. Wewe ulikuwa dereva wa lori la Mombasa. Kila safari ulirudi na mtungi wa maji ya bahari. Hukunywa pombe, hukukaa na wanaume pale kwenye kituo, ulikaa nyumbani ukiangalia maji. Kisha ukafia kwenye kiti kilichoelekea tangi, mchana kweupe, bila kuugua, na mkono wa kulia wa shati lako ulikuwa umelowa hadi kwapani. Daktari alisema ni moyo. Shangazi alisema, "Moyo alikuwa nao tangu azaliwe. Kwa nini usimame leo?"

Sasa hata vijana wanaokaa kwenye ngazi wananingoja nikipita na mkoba wangu. "Niaje Mwende. Ile jini yenu imemanga leo?" Yaani imekula. Na mwenzake anamjibu, "Wachana naye wewe, atakutumia hiyo kitu." Halafu wanacheka. Wewe unanijua, siwezi kuwajibu. Ninaangalia viatu vyangu na kujiambia kwamba nikifika kwetu nitafunga mlango.

Lakini nikifunga mlango nabaki na tangi, na hapo ndipo pabaya zaidi. Baba, naogopa kwamba siwezi kusema kwa uhakika kuwa wanadanganya. Najua nilichosoma. Nimesoma kitabu cha viumbe vya baharini nilichoazima maktaba hadi jalada limeanza kuachana. Kinasema samaki hawa huishi wawiliwawili, huchimba shimo chini ya jiwe, huchekecha mchanga mdomoni kutafuta vidudu vidogo, na mmoja wao anaweza kujifungia shimoni na kuziba mlango. Hakisemi kwa muda gani. Hakisemi kwa nini mmoja atoweke wiki ileile ambayo mwenye nyumba amefariki. Nikiwa darasani naelewa kila kitu. Nikiwa peke yangu sebuleni, pampu ikinguruma na leso ikitikisika kidogo kwa upepo wa dirisha, sielewi chochote.

Tangu siku ile sijatia mkono majini. Nawalisha uduvi uliolowekwa, nauangusha kwa kijiko. Maji yakipungua chini ya ule mstari uliouchora kwa rangi ya kucha ya Mama, naongeza ya bomba yaliyolala kwenye beseni, na ninayamimina kwa kikombe kirefu ili vidole visiguse. Siku ambazo stima hupotea na pampu kunyamaza, nachota kwa kikombe hichohicho na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, jinsi ulivyonionyesha, mpaka bega linaniuma. Sijakosea kanuni yako. Nakumbuka mara ya kwanza nilitaka kuongeza maji ya bahari na ukanishika mkono. Ulisema, "Maji huondoka, Mwende. Chumvi hubaki. Ukiongeza ya bahari juu ya ya bahari, utawakausha wakiwa ndani ya maji."

Lakini jiwe siwezi.

Unakumbuka ulivyonieleza? Jiwe likae juu ya kioo chenyewe cha chini, halafu mchanga ulizunguke. Likikaa juu ya mchanga, Fundi atachimba chini yake, mchanga utaondoka, na jiwe litamlalia. Jumamosi ile uliona limeanza kucheza. Ukakunja shati ukatia mkono. Mimi nilikuwa jikoni nachagua mchele. Nilisikia jiwe likigusa kioo mara moja, upande mmoja, kisha nikakusikia ukisema, "Ngoja nipumzike kidogo." Hukukaza sauti. Ulisema kama mtu anayeshuka kwenye lori. Kiti kikalia. Niliendelea kuchagua mchele.

Ulikuwa umelishusha upande mmoja tu.

Tangu hapo upande mwingine umelalia mchanga, na Fundi anachimba papo hapo kila siku, bila kupumzika, anatoa mchanga mdomo kwa mdomo. Mwanzo ncha ya jiwe ilikuwa mbali na kioo cha nyuma. Sasa imekigusa. Nikiinua leso ninafumba macho kwanza. Nikiwa shuleni nasikia kioo kikivunjika. Naona maji yamejaa sebuleni na Fundi anarukaruka juu ya zulia, na mimi niko kwenye somo la Jiografia nikichora delta.

Nilimwambia Mama kuhusu Jumamosi. Nilidhani atakasirika, atasema hakuna mtu atakayegusa kitu chako. Alikuwa anakunja nguo. Alisema, "Mwende, mimi nimechoka kubishana na watu wa babako. Kama ni maji ndiyo yatawanyamazisha, wacha yaende." Kisha akaendelea kukunja. Hakunitazama. Nadhani hata yeye haliangalii tangi. Hupita upande wa meza.

Ningekuwa mtu mwingine ningesimama Jumamosi na kusema. Lakini mimi hata nikitumwa dukani kuomba chenji iliyosahaulika narudi bila chenji. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisemea. Unakumbuka wakati mwalimu alidhani sikusoma shairi kwa sababu ya kiburi? Ulikwenda shuleni na sare yako ya udereva ukamwambia, "Huyu wangu hutoa maneno kidogokidogo, kama samaki anavyotoa mchanga. Ukingoja, utaona amebakiza kile kizuri." Mwalimu hakuelewa ni samaki gani. Mimi nilitaka ardhi inimeze, lakini nilifurahi hadi nyumbani.

Mama ananiita. Nitamalizia.

*

Jumapili, baada ya kanisa

Baba,

Nilikuwa sitaki kuiendeleza barua hii kabla ya kujua mwisho wake. Sasa nitakuambia yote kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio unanisaidia.

Walikuja baada ya saa za chai. Shangazi alitangulia, na akina mama watano au sita nyuma yake, wote wamefunga vitambaa vyeupe. Mama aliwapa chai. Wakaimba kwa Kikamba, wimbo ule uliokuwa ukiupiga mluzi ukinyoa ndevu, na kwa muda kidogo nilisahau walichokuja kufanya. Kisha wakasimama, wakaingia chumba kwa chumba. Mama Kioko, yule mnene anayeongoza maombi, alishika pakiti ya chumvi ya mawe na kutupa kiasi katika kila pembe, hata chini ya kitanda changu, ambako nimeweka ile mitungi miwili ya mwisho ya maji ya bahari. Aliiona. Akaitupia chumvi mara mbili.

Walipofika sebuleni Shangazi akaivuta leso. Akauliza, "Ndoo iko wapi?"

Mama alionyesha jikoni kwa kidevu.

Sijui nilifikaje pale. Nilikuwa nimesimama mlangoni, halafu nikajikuta mgongo wangu umegusa kioo na Shangazi yuko mbele yangu na ndoo. Nilisema jambo la kwanza lililonijia, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa nasari.

"Shangazi, chumvi ni ya nini?"

"Ya kufukuza."

"Kufukuza nini?"

"Mwende, usinitajishe jina lake ndani ya nyumba ya ndugu yangu. Pisha."

"Hicho kitu hakiwezi kukaa na chumvi?"

"Hata dakika moja," akasema Mama Kioko kutoka nyuma. "Kikiguswa na chumvi kinatoka kikilia."

Ndipo nikasema, "Basi onjeni haya maji."

Mama mmoja alicheka, akajifunika mdomo kwa kitambaa. Shangazi alinitazama kana kwamba nimemtukana, na kwa kweli nilidhani atanizaba kofi.

"Mimi nionje?"

"Nitaonja mimi kwanza."

Nikageuka. Baba, nilitia kidole. Sikufikiri. Kama ningefikiri singefanya. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kawaida kabisa, nikalamba kidole mbele yao wote. Shangazi aliweka ndoo chini, akanyoosha kidole chake polepole kama mtu anayejaribu pasi kama ina moto, akachovya, akalamba. Uso wake ukakunjamana.

"Ni chumvi tupu," akasema. "Nani anaitia?"

"Ilikuja nayo kutoka baharini. Maji huondoka, chumvi hubaki. Baba alisema."

Mama Kioko hakukubali haraka. "Hivyo vitu vya Mombasa hukaa baharini. Hiyo chumvi vimeizoea."

Na yule aliyecheka akamwambia, "Basi sisi tumepanda na chumvi ngazi zote hizi ya nini, Mama Kioko?"

Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, kwa Kikamba cha haraka, kama chumvi ya baharini na ya dukani ni moja mbele za Mungu. Mama alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni, na nakuapia nilimwona anauma mdomo ili asicheke. Sijamwona hivyo tangu uondoke.

Shangazi hakubishana. Alikuwa ameinama, uso karibu na kioo. Fundi alikuwa ametoka. Na kelele zote zile, yeye alikuwa kazini. Alichota mchanga, akarudi nyuma, akautoa mashavuni, akachota tena. Nilimweleza Shangazi kwamba hali mchanga, anauchekecha tu, anameza vidudu na kutema mchanga. Nilimwambia ulimpa jina Fundi kwa sababu ya wale wanaume waliokuwa wakirusha mchanga kwenye wavu wa chuma wakati jengo la jirani lilipokuwa likijengwa, na jinsi ulivyoniita dirishani ukaniuliza, "Kati ya yule na huyu, nani anafanya kazi safi?" Nilimweleza hata jinsi mlivyowaleta kutoka Mombasa, utingo wako akiwa amebana mtungi kwa miguu, anawapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli njia yote, mpaka aliposhuka Mlolongo akasema, "Mzee, siku nyingine tubebe kuku." Nilizungumza kuliko nilivyowahi kuzungumza mbele ya wageni. Sikujua kama ananisikia.

Halafu akasema, bila kugeuka, "Anachimba kama sisi."

Nikauliza, "Kama nani?"

"Kama mimi na babako. Wakati wa kiangazi mto ukikauka ulikuwa mchanga mtupu, na sisi ndio tuliotumwa maji. Tulichimba kwa mikono. Mimi nilikuwa nachoka haraka, nilikuwa mdogo. Yeye alilala kifudifudi juu ya mchanga akaingiza mkono, akaingiza, mpaka hauonekani, halafu akaniambia, 'Syombua, yapo.' Alirudi nyumbani mkono umelowa hadi kwapani." Akashika bega lake mwenyewe la kulia, nadhani bila kujua. "Hadi kwapani," akasema tena.

Akina mama wa maombi wakaacha ubishi, wakasogea karibu mmoja baada ya mwingine. Shangazi akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Siku ile alikuwa anatafuta nini humo?"

Nikamwonyesha jiwe. Nikamwambia ulikuwa unalishusha ili lisimwangukie Fundi, na hukumaliza, na mimi naogopa kumaliza.

Alilitazama lile jiwe kwa muda. Kisha akanivuta mkono, akafungua kifungo cha sweta langu la shule, akaanza kunikunja mkono wa sweta, mkunjo juu ya mkunjo, kwa nguvu, kama anavyofanya mtu akimwandaa mtoto kuoga. Akasema, "Mimi siingizi wangu. Naogopa. Lakini wewe nitakushika."

Akanishika kiuno kwa mikono miwili. Nikatia mkono.

Maji yalipofika kwenye kiwiko nilitaka kuutoa. Nilikuwa nimeanza kulia na sikuweza kupangusa. Nilisikia Mama akija nyuma yangu. Nikashika jiwe, linakwaruza kuliko nilivyodhani, nikalisimamisha, nikausukuma mchanga kando kwa vidole mpaka nikagusa kioo cha chini, laini. Kisha nikalishusha. Lilitoa sauti ileile, ya mara moja. Upande wa pili.

Mchanga ulitimka, tukashindwa kuona chochote. Ulipotulia, Shangazi ndiye aliyeona kwanza. Alinibana kiuno hadi nikaumia.

"Kuna mwingine."

Alikuwa Mama Fundi. Alikuwa ameketi nyuma ya jiwe, amekonda, rangi ya manjano ya kichwa imefifia, lakini mashavu yanapanda na kushuka. Fundi alimwendea akasimama kando yake. Shangazi akasema, "Mnaniambia kumbe walikuwa wawili muda huu wote?" na Mama Kioko akaanza kuomba upya, ila safari hii sikusikia akitaja kufukuza.

Hawakumwaga maji. Shangazi alisema hawezi kusema moyo wake umetulia, na kwamba yeye hatalala chumba kimoja na hicho kitu. Alilala chumbani kwangu, juu ya mitungi, sikumwambia. Lakini asubuhi ya leo kabla ya kanisa nilimkuta ameketi kwenye kiti chako. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu siku ile. Alikuwa na kikombe cha chai na alikuwa anamwangalia Fundi. Aliponiona akasema tu, "Huyu hachoki?"

Baba, bado naogopa. Sitakudanganya. Maji ya bahari yamebaki mitungi miwili na hakuna wa kutuletea mengine. Mama Fundi amekonda sana. Vijana bado wako ngazini. Leo wameniuliza tena kuhusu jini, nami nikawajibu, "Imemanga, asanteni," nikapanda haraka kabla hawajapata la kusema. Usiniulize nilitoa wapi maneno hayo.

Siwezi kukuahidi kwamba samaki hawatakufa. Naahidi hiki ninachokiweza. Leso haitarudi juu ya tangi. Maji yakishuka chini ya mstari nitaongeza, na nitaongeza yale yanayofaa. Jiwe likicheza nitatia mkono, hata nikiwa peke yangu, hata nikiwa natetemeka. Na watu wakiuliza ulikufaje, sitaangalia viatu vyangu. Nitawaambia ulikuwa unalishusha jiwe.

Pumzika sasa, Baba. Uliomba upumzike kidogo tu. Pumzika yote.

Kuna kitu kimoja nilitaka ujue kabla sijafunga. Shati lako la siku ile lilirudi kutoka hospitali ndani ya mfuko, na Mama hakulifua. Leo mchana alilitoa akalining'iniza mgongoni mwa kiti chako. Mkono wa kulia umekauka, lakini una alama nyeupe, inaanzia kwenye kifundo na kupanda hadi kwapani. Nimeigusa kwa ulimi.

Mwanao,
Mwende